Keri Nne na Karo Moja

Mpaka leo siwezi kukaa kwenye kiti muda mrefu. Watoto wangu wanasema ni mgongo. Si mgongo, ni mambo ya Ijumaa moja katika kambi ya reli, hapa Kamina, miaka ile ya hamsini, wakati nilikuwa natia makaa kwenye mashini ya kupanga mabehewa. Nitaeleza, lakini mnivumilie. Shule nilisoma miaka miwili tu, na ule wa pili nilifagia nyumba ya mwalimu kuliko kusoma.

Nianze na karata. Poka tulifundishwa na jirani aliyekuwa mpishi kwa Wazungu. Yeye alijifunza akiwa amesimama nyuma ya viti vyao na sinia mkononi, kwa hiyo alijua nusu ya mchezo, na ile nusu nyingine alitunga mwenyewe. Lakini jambo moja alilishika sawa: karata tano za alama moja zinapiga wafalme watatu. Hilo mlishike, maana hilo njo, yaani ndilo, litakuja kuniumiza.

Hatukucheza feza. Mke wangu alikuwa mtoto wa Wametodisti, na karata peke yake zilitosha kunitoa kwenye koro, ile kwaya ya kanisa. Tulicheza vijiti vya kibiriti. Ila vijiti vile vilikuwa na maana. Tulikuwa wanne kwenye zamu yetu, na kila juma shefu wa kazi alitoa permi moja tu, ruhusa ya mtu mmoja apumzike Jumamosi na Jumapili na kupanda treni bure. Alisema tuchaguane wenyewe, yeye amechoka na kelele zetu. Basi sisi tulichaguana kwa karata. Anayemaliza vijiti vya wenzake, permi ni yake.

Juma lile niliitaka permi kuliko chakula. Mke wangu alikuwa kwa mama yake Bukama, amezaa binti, mtoto ana majuma matatu na mimi sijamwona. Mama wauza samaki waliopanda treni kutoka kule waliniletea habari vipande vipande. Mmoja anasema mtoto ana masikio yangu, mwingine anasema hapana, masikio ni ya bibi yake. Niliwauliza habari za masikio mpaka wakaanza kushukia mlango wa upande wa pili.

Mgawaji hakuwa mmoja wetu. Alikuwa mzee wa kazi ya kugeuza njia za reli, mtu wa bendera na vyuma vile virefu vya kuvuta njia, na sisi wote tulimwita Baba. Hakucheza. Alisema kucheza ni ujinga, kugawa ni kazi. Na tulikuwa na desturi yetu: duru ikiisha, hakuna kuweka karata wazi. Zamani waliweka wazi, watu wakanyang'anyana, mmoja akang'oka jino. Kwa hiyo unampa mgawaji karata zako zimefunikwa, anazitazama peke yake, anazisoma kwa sauti, anazirudisha kwenye paki. Zikisharudi, maneno yamekwisha. Ilikuwa kama kazini. Mtu wa njia akionyesha bendera, dereva habishi, anapita.

Ijumaa ile jua lilikuwa bado juu. Tulikaa nyuma ya nyumba ya mzee, meza ni ubao wa behewa. Wawili walikwisha kutoka mapema, nikabaki mimi na dereva wangu, mtu mnene mwenye kinywa kisichofungwa.

"Mutia makaa, rudisha akili huku," akasema. "Mutoto hatatoroka."

"Cheza, mukubwa."

"Kesho minyi njo nitapanda treni. Nitamusalimia mutoto wako. Nitamwambia, baba yako iko muzima, iko na makaa mu pua tu."

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa na keri nne mkononi, ile alama ya moyo. Nikasukuma vijiti vyangu vyote, nikaomba karata moja. Ikaja nyekundu. Nikaitazama vizuri: karo. Nyekundu ileile, lakini ina pembe nne. Yaani sikuwa na kitu.

Mzee akapokea karata za dereva. "Bafalme batatu!" Dereva akapiga makofi. Mzee akachukua zangu, akazisogeza karibu na pua, akazirudisha mbali.

"Keri tano. Permi ni ya mutia makaa."

Miguu yangu ikaanza kutikisika chini ya ubao ule mpaka vijiti vikaruka. Dereva alitukana. Kidole gumba cha mzee kilikuwa kinakusanya karata polepole. Nikajiambia, mimi sikusema uongo, kinywa ni chake. Nikayafikiria masikio. Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiri pia treni, na mzee asiyeona vizuri akigeuza zile njia. Sikufikiri treni hata kidogo. Nilimfikiri mke wangu akiniuliza, permi umeipataje, na yeye ana namna ya kukutazama mpaka maneno yanakuishia.

Nikaweka mkono juu ya karata. "Baba, ngoja. Moja iko karo."

"Weye unasema minyi siko naona?"

"Nasema moja iko karo."

"Aba!" Dereva akasimama. "Umeshinda na unakataa? Jua limekupiga?" Mwenzetu mmoja akanivuta shati, "Nyamaza, bwana, mutoto iko nakungojea!"

Mzee alizigeuza karata kwenye jua, moja moja, akazipapasa kwa kidole kama vile alama inaweza kushikika. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kufanya, akazilaza wazi. "Onyesha." Nikaonyesha.

"Bafalme batatu njo bamepiga," akasema mwisho, akainuka, akaingia ndani. Karata aliziacha mezani.

Wenzangu walinilaumu mpaka giza. Eti nimemuvua mzee nguo mbele ya watu. Jumamosi dereva akapanda treni, nikamkimbilia kwenye dirisha, nikamwambia atazame masikio. Jumatatu nilipomwuliza, akasema hakutazama masikio, alikuwa anakula samaki.

Lakini Jumapili, mimi niko kazini na dereva mwingine, mashini imesimama kunywa maji, mzee akaniita kutoka kwenye vyuma vyake.

"Mwana, kuja." Bendera zilikuwa chini ya kwapa lake. "Miaka miwili benye kushindwa balikuwa banalalamika. 'Baba, umesoma mubaya.' Sikubaamini hata mumoja. Mwenye kushindwa atakosa kulalamika? Lakini mwenye kushinda hajasema hata siku moja. Weye njo wa kwanza, na weye nimekuamini." Akatazama njia, sijui kama alikuwa anaziona. "Sasa niambie. Ni bangapi balishinda na macho yangu, bakanyamaza?"

Nikahamisha uzito, mguu huu, mguu ule.

"Minyi pia, Baba. Mwezi uliopita."

Alinipiga begani kwa fimbo ya bendera, si kwa nguvu, si kwa mchezo pia. Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa shefu akaomba atolewe kwenye njia. Wakampa stoo ya mafuta na matambara. Karata hakushika tena, tukaanza kugawa kwa zamu, karata wazi, na kelele zikarudi zote.

Bukama nilifika binti akiwa na miezi miwili. Nilimweleza mke wangu yote, nikizunguka kile chumba cha mama yake kama kuku. Alinisikiliza, mtoto akinyonya.

"Ile permi ya mwezi ule," akasema, "njo ile uliyokuja nayo tumbo likiwa kubwa? Uliponiletea shuka?"

"Njo ile."

Alinitazama ile namna yake. Nilingoja. Nje wanawake walikuwa wanapara samaki, na mimi nahesabu mlango uko hatua ngapi.

"Kaa chini," akasema. "Huwezi kupokea mutoto unatembea."

Nikakaa. Akaniwekea mtoto mikononi. Masikio hayakuwa yangu, wala ya bibi yake, yalikuwa yake mwenyewe. Nilikaa pale nadhani dakika tano, halafu miguu ikaanza kama chini ya ubao ule, nikasimama tena, naye mikononi.