Kawira na Mbuzi wa Mahari Aliyekataa Kuisha

Nimesoma ule ujumbe asubuhi, nikazima simu, nikaiwasha tena nikidhani utakuwa umebadilika. Kawira wetu hayuko. Siamini.

Wengi mlimjua kama mama wa Kianjokoma mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Mimi nilimjua miaka ya tisini, tukiwa lab technicians kwenye maabara ndogo nje ya mji wa Embu, tukijaribu kuotesha ini.

Ndio, ini. Tulitenganisha seli za ini la mbuzi, tukazilaza kwenye jeli ndani ya kisahani, tukaomba zishikane. Ndoto ilikuwa siku moja mgonjwa awekewe kipande kilichooteshwa. Mamake Kawira alikufa kwa ugonjwa wa ini, tumbo limejaa maji, kwa hivyo kwake haikuwa kazi tu.

Maini ya buchani yalitufikia yakiwa yameshakufa. Basi siku ya mahari yake, kwao Kiirua, Kawira alimwomba mjomba aliyechinja mbuzi amkatie kipande. Tukakitia kwenye cool box, nikakikimbiza Embu na gari la kazi. Hivyo ndivyo nilivyokosa sherehe ya rafiki yangu, na nyama pia.

Seli zilishikana. Kwenye microscope uliona mistari inayong'aa katikati yake, njia za nyongo, ikijichora yenyewe. Nilisisimka mwili.

Kosa la Kawira lilikuwa furaha. Alienda nyumbani akamwambia babake, "Baba, yule mbuzi wa mahari bado ako hai."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mbuzi tulikula?"

"Ini yake. Iko lab, inaendelea poa."

Kwao, mahari hufungwa mbuzi akiliwa na pande zote mbili akaisha. Huyu hakuwa ameisha. Mzee akasema harusi ya kanisa isimame mpaka mbuzi afe kabisa.

Njiru, mchumba wake, alikuja lab amenuna. "Si umwage tu hiyo kitu tuoane?"

"Mama angepata hii kitu, saa hii angekuwa anatupikia chai," Kawira akamjibu. "Siwezi mwaga, Njiru."

Siku chache baadaye mzee mwenyewe akaja, amevaa koti la kanisani. Aliinama kwenye microscope muda mrefu hadi nikadhani amesinzia. Kisha akakisalimia kile kisahani kwa Kimeru, polepole, vile mtu husalimia mgonjwa. Hakuna aliyecheka.

"Msimwage," akatuambia. "Tungoje."

Kila asubuhi Kawira alibadilisha medium, yale maji yenye chakula cha seli, akilisha kile kilichomzuia kuolewa. "Naomba afe," aliniambia, "halafu namwekea chakula." Mimi niliacha kuingia chumba cha incubator peke yangu. Ukifungua ule mlango, joto linakupiga usoni, na unahisi umemkatiza mtu akifanya jambo lake. Niliogopa, kusema kweli.

Asubuhi moja tulikuta seli zimejing'oa kwenye jeli, zinaelea, zimekufa. Kawira alizitazama, akazima taa ya microscope, akalia kilio cha msiba. Halafu akapigia simu duka la Kiirua. "Mwambieni baba mbuzi ameisha."

Harusi ikafanyika. Nilimsimamia mimi, na hata na lile gauni jeupe alikuwa ananukia spirit ya maabara. Njiru alisema ameshazoea.

Kawira, Jumamosi tunakuzika. Njiru ameshachagua mahali, karibu na kahawa. Watu wananiambia nikubali umeenda, na najua wananitakia mema.

Lakini mimi na wewe tuliona kitu kikiendelea kuishi gizani, kwenye joto, wakati nyama imeshaliwa na wageni wameshaenda nyumbani. Kwa hivyo nitakuja, nitalia, nitatupa mchanga wangu kama wengine. Kupigia mtu simu nimwambie umeisha, hapo nimeshindwa.

Lala salama, rafiki yangu.