Kifungo cha Pili

Fundi tunayemwita Mama Pacha hushona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani ikitazama dirisha. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akimjua mteja kwa futi yake ya kupimia: nani kapungua ghafla, nani anataka sketi ibanwe kwa sababu wenzake wamembeza.

Watoto wake pacha, binti na mvulana, wana miaka kumi na tano. Binti akirudi kutoka shuleni, kilio huanza kabla hajavua viatu.

"Mama, wamenitoa tena kwenye kundi la simu! Eti najipendekeza."

Mama huacha kazi, humvutia kigoda, humsikiliza hadi chai inapoa. Kaka mtu hupita nyuma yao, akatundika shati msumarini. Kifungo cha pili hakipo.

"Na wewe?"

"Mpira tu, Mama."

"Mpira gani huo wa kucheza na vifungo?"

Hucheka puani, akaingia chumbani. Mama Pacha alimshukuru Mungu kwa kumpa walau mmoja asiye na makuu.

Muhula huu wa tatu alikishona kifungo hicho mara nne. Mara ya tano alichoka. Akachukua uzi mzito wa kushonea mikoba, akaukunja mara mbili, akapiga fundo.

"Hiki," alisema, "hata punda akivuta hakitoki."

Alhamisi shati lilirudi. Kifungo kilikuwepo, imara. Kilichotoka ni kitambaa: kimechanika toka kifuani mpaka kwapani.

Alilipeleka dirishani. Nguo iliyonasa kwenye msumari huchanika kwa kona. Hii ilivutwa kwa mkono, na mvutaji alisimama mbele.

Binti alikuwa mlangoni. "Wenzake shuleni wanamkamata hapo kila wakipata nafasi, Mama. Wanavuta mpaka kifungo kitoke au alie. Na halii."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Alisema nikitamka, hatanisemesha tena maishani. Mimi nalia changu na chake, huoni?"

Mama akamwita mwanawe, akamkalisha kwenye kigoda kile. Magoti yalimfika kidevuni. Hakuwahi kukikalia tangu arefuke. Mama alitaka kusema neno, lakini lililomjia ulimini ni lile lile alilomwambia tangu akiwa mdogo, kila alipoanguka: jikaze. Akalimeza. Akashika sindano, apate pa kutazama.

Kijana naye aliitazama sindano.

"Mama, safari hii tia uzi mmoja."

"Kwa nini?"

"Kikitoka upesi, wananiachia upesi."

Mama Pacha alichomeka sindano kwenye mto wake, akaifunika cherehani mchana mweupe, wateja wakiwa wanasubiri sare zao. Akamimina chai. Ikapoa. Akamimina nyingine. Nayo ilikuwa inaanza kupoa kijana aliposema, akiangalia sakafu:

"Walianza muhula wa kwanza."