Chupa Zilizotaka Kutikiswa

Nafundisha kemia katika shule moja karibu na Matinyani, na kwa miaka kadhaa nimehangaika na chumvi. Si ya mboga. Ni chumvi ya jamii ya haluli, ile ya kuendesha tumbo, yenye maji ndani ya chembe zake. Ukiianika juani inayeyuka na kumeza joto. Jioni ikianza kuganda inalitoa polepole mpaka asubuhi. Joto lenyewe ni lile la chini ya bawa la kuku, ndiyo maana nilimfikiria mama.

Mama anakaa Kathonzweni. Alilea vifaranga kwa jiko la makaa, na moshi ulikuwa umemla kifua. Daktari alimwambia aachane na jiko au aachane na vifaranga. Alikuwa mjane, na kuku ndio walimfanya asimwombe mtu chochote. Nikamjazia chumvi ile kwenye chupa ishirini za plastiki, nikaziba vifuniko kwa gundi, nikamwelekeza: mchana juu ya mabati, jioni chini ya matandazo ya banda.

Zilifanya kazi. Vifaranga walikua, kikohozi kikapungua, nami nikavimba kichwa.

Jambo moja tu liliniudhi. Kila jioni, kabla ya kuziingiza bandani, mama aliketi kwenye kigoda, akalaza chupa mapajani na kuisukasuka, moja baada ya nyingine, vile wanawake wa kwetu wanavyosukasuka kitete, kibuyu cha maziwa, mpaka siagi ijitenge. Nilipomuuliza sababu alisema, "Ukiiacha inalala chini, baba." Aliniita hivyo tangu nizaliwe, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. Nikacheka.

Siku wageni wa mradi uliokuwa ukinifadhili walipokuja kuona kazi yangu, walimkuta hapo kigodani. Mmoja akauliza kama hiyo ni sehemu ya utaratibu. Niliona aibu, sitaficha. Nikamnyang'anya mama chupa mbele yao.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa lugha yetu, "hii si maziwa. Wacha kutingisha, utaniharibia vipimo."

Alijifuta mikono kwa leso, akaingia jikoni kuwachemshia chai.

Hakuzitikisa tena. Laiti angekuwa mkaidi.

Mwezi wa saba, wakati wa baridi na mawingu, alinipigia simu asubuhi. "Kuja uone," akasema, akakata. Nilikuta vifaranga wamerundikana kwenye kona moja ya banda, karibu wote wamekufa. Neno langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa, "Ulisahau kuzianika?"

Nikainua chupa. Chini kulikuwa na tope jeupe, gumu, na juu yake maji matupu. Chumvi ilikuwa imejitenga na maji yake, na vikishatengana hivyo joto halina pa kukaa. Tabia hiyo ya chumvi niliijua. Nilikuwa nimeifundisha darasani, chaki mkononi. Mama alikuwa akiirekebisha kila jioni kwa mikono yake, nami nikamkataza kwa sababu alinitia aibu mbele ya watu. Majuto ni mjukuu, husema watu. Wangu hakungoja hata mtoto azaliwe.

Nilirudi maabara na hasira zangu. Nikachemsha gundi ya migunga, nikaikoroga na chumvi mpaka ikawa nzito kama uji, isiweze kuzama. Nikaongeza boraksi kidogo ili ianze kuganda kwa wakati wake. Chupa za mchanganyiko huo zikadumu. Wageni wakafurahi, wakanipiga picha. Kwenye ripoti niliandika kwamba kasoro iligunduliwa wakati wa majaribio. Kumtaja mama kungenilazimu kutaja na vile nilivyomnyamazisha, nami sikuwa na ubavu huo.

Chupa za kwanza za aina mpya nilimpelekea yeye. Nilimkuta bandani ameinama mbele ya jiko, anapuliza makaa na kukohoa, vifaranga wachache wakilia kando yake.

"Hizi hazitaki kutingishwa," nikamwambia. "Unaweka tu."

Aliinamisha moja, akaitazama ndani. Hakuna kilichosogea. Akanirudishia.

"Asante, mwalimu," akasema. "Pelekea wale wageni."

Kisha akarudi kupuliza makaa.