Kidole cha Kumi

Mwalimu Pascalia alipostaafu, aliondoka shuleni na kitu kimoja tu: gunia la sukari. Si la wizi, msianze umbea. Enzi zile miwa ilipokuwa ikilipa na kila nyumba hapa Shianda ikiezekwa mabati mapya, magunia matupu yalikuwa tele. Aliyapasua, akayashona, akayachora picha za kufundishia chekechea. Hilo moja alibaki nalo kwa sababu lilikuwa na mumewe.

Cleophas alikuwa mkata miwa. Panga lilimkata kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na tangu hapo akiona kamera anajificha. Mkewe tu ndiye aliyeruhusiwa kumchora, akamchora alivyo: mikono wazi, vidole tisa. Sisi wanafunzi wake tulivihesabu kwa fimbo, na mwenyewe akipita dirishani tulimpigia kelele, "Tisa!" Alicheka hadi akashika kiuno.

Alifariki bila kuacha picha nyingine. Watoto wao wako Nairobi, na simu zao huja Krismasi. Pascalia alilitundika gunia mkabala na kiti chake, akawa anakula obusuma, ugali wetu, akiliangalia. Siku moja nilimkuta akizungumza nalo, nikajifanya sikusikia. Iliniuma sana.

Kisha mchwa wakaingia ukutani, wakaanzia miguuni pa Cleophas. Ndipo Andati, kijana anayefundisha shule yetu ile ile, akaja na habari za tabuleti za akili unde. Zinamwonyesha mtoto picha, mtoto anajibu kwa sauti, nazo zinamsahihisha.

"Mwalimu, tuipige picha hii tuiweke humo," alisema. "Huko haitaliwanga na mchwa."

Pascalia, ambaye hakuruhusu mtu hata kulipangusa gunia lile, alikubali. Tangu siku hiyo hakuhangaika tena na mchwa. Likizo ilipokwisha, walikuwa wamemaliza mikono na kufika shingoni.

Shule ilipofunguliwa alivaa gauni lake la kanisani, nami nikamsindikiza. Andati alimpa tabuleti. Cleophas akatokea, rangi zinang'aa, miguu mizima. Pascalia alitabasamu kama bibi harusi. Halafu akatazama mkono wa kushoto.

"Andati, hiki kidole kimetoka wapi?"

"Mashine ilirekebisha, Mama. Ilidhani mchoraji alikosea."

"Kitoe."

"Nimejaribu mara nne. Inakirudishanga tu."

"Na ile picha uliyopiga kwangu?"

Andati alitazama viatu vyake. "Niliifuta, Mama. Niliona hii ni safi zaidi."

Pascalia hakugomba. Afadhali angegomba. Tabuleti ikauliza kwa sauti ya kitoto, "Baba ana vidole vingapi?"

Aliisogeza karibu na mdomo. "Tisa."

"Karibu upate! Jaribu tena."

"Tisa," alisema, machozi yakimtoka.

"Jaribu tena."

Watoto wakamwonea huruma bibi wa watu, wakamsaidia kwa sauti moja: "Kumi!"

Mashine ikapiga makofi.