Kilichoangusha Seva Zetu Kibingo

Wanunuzi wa kahawa walipoanza kudai ramani ya kila shamba, wakulima wa upande wetu wa Kibingo waliingiwa na hofu. Wapimaji walipita kwenye migomba na mibuni wakizunguka mipaka na simu mkononi, na nyuma yao maneno yakaenea kwamba ardhi inauzwa, kwamba ramani zinapelekwa kwa watu wasiojulikana. Mwenyekiti wa chama cha wakulima, mwalimu mstaafu asiyependa kupayuka, alisimama mkutanoni akaahidi kwamba ramani hizo hazitatoka nje ya jengo la chama; mnunuzi atakayetaka kuziona atazionea humo humo. Kesho yake akanipigia simu mimi, fundi wa kompyuta, nikiwa mjini Kayanga.

Alitaka chama kiwe na hifadhi yake yenyewe: seva tatu ndani ya chumba kimoja, zimeunganishwa zifanye kazi kama mashine moja, na kila ramani iwe na nakala katika kila seva ili moja ikifa mbili zibaki. Nilimwambia hilo ni jambo dogo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelifanya mara moja tu, nyumbani, kwa kujifunza.

Nilipewa chumba cha nyuma. Chumba cha mbele kilikuwa cha karani wa chama, mama wa makamo aliyetunza daftari za wanachama tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, halafu akaniuliza, "Na hizi daftari zangu mtazipeleka wapi?"

"Zitabaki hapa hapa, mama."

Alinitazama kama mtu aliyeshaambiwa hivyo na wengine.

Jioni ile seva zilikubaliana vizuri, nikaingiza ramani za kwanza. Asubuhi iliyofuata, kama saa nne, seva ya pili ikapotea kwenye mtandao. Ilikuwa inawaka, feni inazunguka, lakini wenzake hawakuiona. Iliporudi ilikuta wenzake wameshaandika mambo mapya, ikaanza kunakili upya kila kitu, diski zikihangaika hadi alasiri. Kesho yake, saa nne, tena. Keshokutwa, tena.

Nilishuku diski kwanza, maana zilikuwa zimetumika kabla hatujazinunua. Nikazipima moja moja, zikawa nzima. Nikabadilisha kebo, kisha swichi inayoziunganisha. Hakuna kilichosaidia. Hapo nikaanza kujiambia kwamba mashine mbovu haichagui saa ya kuharibika. Mwenye ratiba ni mtu.

Na mtu wa saa nne nilimjua. Karani alianza siku shambani kwake, akafika ofisini kwenye saa nne kasoro, akafungua kwa ufunguo wake. Mara mbili alinilalamikia kwamba printa yake inasumbua siku hizi, mara inachapa mara inagoma, nami nikaona anataka kunitoa kwenye lengo. Kinyambo, lugha ya huku, nakielewa nusu tu, kwa sababu nilikulia Mwanza. Siku moja nilimsikia akizungumza kwa simu, nikanasa maneno mawili, "fundi" na "mashine", kisha akacheka. Yale maneno mengine yote nikajijazia mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilikaa mbele ya skrini nikimsubiri. Aliingia, nikamwamkia, akapita mezani kwake. Nilisikia kiti kikivutwa, droo ikifunguliwa. Dakika chache baadaye seva ya pili ikatoweka.

Nilikwenda kwa mwenyekiti.

"Una uhakika?" aliniuliza.

"Mwenyekiti, saa ni ile ile kila siku. Akiingia yeye, inaanguka."

"Umemwona akigusa kitu?"

"Sijamwona. Lakini nani mwingine?"

Mchana mwenyekiti alimwomba karani ufunguo, akamwambia apumzike nyumbani kidogo. Mama yule aliufungua kutoka kwenye kitambaa alichoufungia, akauweka mezani, akaondoka bila kuuliza kosa lake. Kule kutouliza nako nikakuhesabu kama ushahidi.

Siku tatu seva hazikuanguka hata mara moja. Nilitembea kifua mbele. Sokoni watu walianza kusema karani amekamatwa akitaka kuuza ramani. Mimi sikuwa nimesema hivyo, lakini sikukanusha.

Siku ya nne mwenyekiti alihitaji barua. Aliiandika mwenyewe, akawasha printa ya karani, na mimi nikiwa chumba cha nyuma nikaona seva ya pili inatoweka.

Hapo ndipo nikafanya jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza: nikauliza mtandao ni nani mwenye anwani ya seva ya pili, ile namba ambayo kifaa kimoja tu kwenye mtandao kinapaswa kuwa nayo. Wakajibu wawili. Mmoja alikuwa seva. Mwingine nilimfuata kwa kebo, nikapita mlangoni, nikafika chini ya meza ya karani, kwenye printa. Nilipoigeuza, ubavuni palikuwa na karatasi ya kunata yenye anwani ile ile, kwa mwandiko wangu. Miaka miwili nyuma nilikuwa nimeitwa pale kwa nusu siku kuifunga printa hiyo, nikaipa anwani, nikasahau. Nilipokagua anwani zilizo wazi kabla ya kufunga seva, ilikuwa jioni na printa imezimwa. Karani hakuwa akifanya lolote ila kuwasha printa aanze kazi.

Niliibadilishia printa anwani, kazi ya dakika mbili. Mwenyekiti alisoma ile karatasi, akanirudishia. "Utamwambia mwenyewe," alisema.

Nilimkuta karani nyumbani kwake akimenya ndizi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti.

"Nilikuambia printa inasumbua," alisema.

"Uliniambia, mama. Nisamehe."

"Mimi nimeshasikia. Ila maneno hayakusemwa hapa nyumbani kwangu. Yamesemwa kule, mbele za watu."

Kwa hiyo nilisema kule. Mkutano uliofuata nilisimama mbele ya wanachama nikaeleza kwamba kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, na kwamba mama huyu ametiliwa shaka bure kwa sababu yangu. Alikuwa amekaa mstari wa pili, mikono mapajani, hakuinua uso. Baadhi walipiga makofi. Nilipokuwa natoka, mzee mmoja alinishika kiwiko akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, sasa tuambie ukweli. Nani amekutuma useme hivyo?"

Karani alirudi kazini. Seva zinafanya kazi, na ramani zimo humo zote. Aliweka sharti moja tu: asiingie mtu peke yake chumba cha nyuma, hata mimi. Nikifika kukagua diski, yeye huacha kazi yake, anavuta kiti hadi mlangoni na kukaa akinitazama mikono mpaka nimalize. Sijawahi kumwambia kwamba hakuna haja.