Mwalimu wa Mistari ya Njano

Simpendi Benard Monari. Nasema mapema ili nisionekane mnafiki, maana watu wa machimbo ya dhahabu ya Osiri watakuambia ni mtakatifu, na mama yangu mzazi anamwombea kila Jumapili.

Nimefanya naye kazi miaka kumi na mmoja katika maktaba ya chuo kimoja hapa Migori mjini. Mimi napanga vitabu. Yeye ndiye mkubwa wa dawati. Alianza kama karani wa kadi, enzi zile kila kitabu kilikuwa na kadi yake kwenye droo. Kadi zilipotupwa alipelekwa Kisumu kwa semina ya siku tatu, akarudi na cheti na tai mpya, na tangu hapo hajawahi kukosea. Sijamwona akimaliza kitabu hata kimoja, hata kile chembamba cha ufugaji wa kuku.

Anachojua ni kutafuta. Maktaba yetu imeunganishwa na mtandao wenye maelfu ya vitabu vya zamani vilivyopigwa picha, ukurasa kwa ukurasa. Unaandika neno, kompyuta inalisaka ndani ya vitabu vyote kwa mpigo, kisha inakuletea orodha: jina la kitabu na kipande cha mstari, neno lako likiwa limepakwa njano. Ukitaka kusoma ukurasa mzima unabofya na kungoja, na mtandao wetu unavyojikokota, utangoja sana. Benard habofyi. Njano ikitokea, kwake kazi imekwisha.

Wanafunzi waliumia kwa tabia hiyo, lakini hakuna aliyekufa kwa alama mbaya. Balaa ilianza wachimba dhahabu walipomgundua. Mmoja alisikia kwamba humo ndani kuna ripoti za wapima miamba wa wakati wa mkoloni, akaja na matope yake miguuni, akaomba atafutiwe jina la kilima chao. Njano ikatokea. Benard akauandika ule mstari kwa Kiswahili kwenye karatasi, akaugonga muhuri wa maktaba, ule ule wa tarehe za kurudisha vitabu, akamkabidhi. Wiki iliyofuata walikuja sita. Wakaanza kumwita Mwalimu, na yeye akaanza kutembea kama mtu anayeitwa Mwalimu.

Sasa, ndugu yangu mdogo Willis ni mchimbaji. Tumezaliwa Sindo katika nyumba ya wavuvi, lakini samaki walipopungua aliacha nyavu akaenda Osiri kushika sururu. Jumatatu moja alinipitia kazini, karatasi yake imefungwa ndani ya nailoni isilowe. Ilisema: mwamba wenye dhahabu nzuri ulipatikana futi themanini chini, upande wa mashariki. Muhuri juu yake. Willis na wenzake walikuwa wamefika futi sabini na mbili.

Sijui ni akili au ni chuki iliyonisukuma. Nadhani ni chuki. Kesho yake Benard alipotoka kunywa chai, nilikaa kwenye kiti chake, nikaandika jina la kilima cha kina Willis, nikabofya. Ukurasa ukaja polepole, kutoka juu kushuka chini. Mstari wa njano ulikuwepo. Chini yake, bila rangi yoyote, mpimaji aliendelea kusema kwamba kazi ilisimamishwa, handaki lilijaa maji, halikukaushwa kamwe, na atakayechimba kutoka mashariki atalitoboa kwa ubavu.

Nilimpigia Willis papo hapo.

"Mwalimu ndiye amesema?" akauliza.

"Mimi ndiye nimesoma."

Akacheka. "Nyamera, dada yangu, wewe kazi yako ni kupanga vitabu. Hii mambo ya shimo wachia Mwalimu. Na unajua mwanamke akiingilia shimo, dhahabu inatoroka."

Huko wanawake husaga mawe na kuyaosha. Mdomo wa shimo hawausogelei. Ningeenda na ukurasa mkononi wangenifukuza kabla sijafungua kinywa. Mtu ambaye wangemsikiliza alikuwa mmoja tu, naye alikuwa anarudi kutoka kwa chai akijipangusa makombo ya mandazi.

"Benard, huu ukurasa uliusoma?"

"Neno lilipatikana."

"Nimeuliza kama uliusoma."

"Ukurasa ni wa nini na neno limepatikana? Mimi natoa kile mfumo umetoa, madam. Kama kuna makosa, ni ya mfumo."

"Soma sasa."

Akasoma. Jasho likamtoka puani. "Wakijua watanizika kwa hilo shimo," akanong'ona. Watanizika, yeye. Hakuuliza ni watu wangapi walikuwa chini saa ile. Nikamwambia tusipopanda pikipiki sasa hivi, nitauchapisha ukurasa huo na kuubandika kwenye kila duka la Osiri, jina lake likiwa juu kwa herufi kubwa. Tulipanda.

Nilisimama na wanawake wanaoosha mawe. Benard alisogea hadi shimoni, akarekebisha tai.

"Ndugu zangu," akasema, "mfumo umesasishwa leo asubuhi. Kuna habari mpya. Unasema hapa chini kuna maji. Tokeni, na msirudi."

Habari mpya! Ukurasa ule ulichapishwa kabla baba yangu hajazaliwa. Nilivuta pumzi nipige kelele, nimvue nguo mbele ya wote. Kamba ilikuwa inavutwa. Walitoka mmoja mmoja, na Willis akawa wa mwisho, mweupe kwa vumbi. Nikajua nikisema huyu ni mwongo, watauliza kama na maji pia ni uongo, na wangeteremka tena kabla ya jioni. Nikanyamaza. Sijawahi kumeza kitu kichungu vile.

Siku ya nne ukuta kati ya shimo na lile handaki la zamani ulipasuka, maji yakapanda hadi karibu na mdomo wa shimo. Ndani hakukuwa na mtu.

Jumapili Mama akamwita Benard Sindo kumshukuru. Aliniuliza kwanza kama Wasabato, maana Benard ni Msabato, wanakula ngege, samaki wetu wa ziwani, kisha akapika wawili wakubwa, akamketisha Benard kwenye kiti cha marehemu baba. Willis alikuwa amekaa kando yake.

"Mwalimu, kuna kilima kingine," akasema. "Kesho nakuletea jina."

"Lete tu," Benard akajibu. "Mfumo upo."

Mimi nilikuwa nimeinama mbele yake na birika na karai, nikimnawisha.

"Safari hii utabofya," nikamwambia kwa sauti ya chini, "na nitakuwa nimesimama nyuma yako."

Akavuta mikono kwa ghafla.

"Beverly!" Mama akafoka. "Hayo maji ni moto! Ndivyo unanawisha mtu aliyekuokolea ndugu?"

Nikamwomba mgeni msamaha, nikaenda kuongeza maji baridi.