Prosesa ya Bei Nafuu na Mtu wa Dirishani

Kazi yangu ni kuchora nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mwenye kiwanja analeta ramani, naiingiza kwenye kompyuta, anaona kuta, bustani na jua la mchana kana kwamba ameshahamia. Kompyuta yangu ilikuwa imechoka, picha moja inakula siku nzima. Nikashuka Muhima, hapa Kigali, kutafuta prosesa nyingine, kile kipande kinachoipigia kompyuta hesabu.

Muuza duka alinitolea mbili. Moja ghali, yenye kasi tangu kiwandani. Nyingine nafuu, ila mtu unaweza kuipandisha kasi mwenyewe.

"Ukiisukuma vizuri inaikaribia ile," alisema. "Lakini usiilazimishe sana, dada. Ikizidiwa inapata joto, inakosea hesabu."

"Ikikosea inakuwaje?"

"Inazima. Au inakuletea vitu ambavyo hukuviomba."

Nilicheka, nikachukua ya nafuu.

Nikaipandisha kidogo, ikaenda vizuri. Nikaipandisha tena. Ndipo akaja mama mmoja mjane, aliyekulia Tanzania kama mimi. Alikuwa anajenga upya mtaani Kinyinya, palepale ilipokuwa nyumba aliyoishi na marehemu mumewe.

Picha yake ilikamilika mchana, jua likiwaka. Kwenye dirisha la jikoni palikuwa na kivuli cha mtu. Bega moja lilikuwa juu kuliko lingine, na mkono umeshika pazia. Sikuwa nimeweka mtu. Sikuwa nimeweka pazia.

Nikairudia picha. Alikuwepo bado, ila sasa amekisogelea kioo.

Nikarudisha kasi ya kawaida, nikachora mara ya tatu. Dirisha likatoka tupu. Nilikuwa nazilinganisha zote tatu pale mama alipoingia, akasimama nyuma yangu.

"Nani alikuambia habari za bega lake?"

"Bega la nani, mama?"

Akavuta kiti. "La mume wangu. Lilivunjika ujanani, halikunyooka tena. Nikitoka alikuwa anasimama hivyo hivyo, mpaka nipotee kwenye kona."

Nilimweleza habari za kasi, joto na hesabu zinazokosewa. Alinisikiliza kwa adabu, macho yakiwa kwenye picha ya pili.

"Na hapa mbona amesogea?"

Nikamfungulia picha ya tatu, yenye dirisha tupu.

"Toa hilo dirisha, mwanangu. Weka ukuta."

"Nikuchapie hata moja uweke kumbukumbu?"

"Hapana. Nilimpenda sana. Lakini humo ndani nitalala peke yangu."

Nilizifuta zote. Wiki iliyofuata nilirudi dukani nikanunua ile ghali.

Nyumba ilipokwisha, mama alinialika chai. Jiko lilikuwa na kiza, taa imewashwa mchana. Alikaa ameupa mgongo ule ukuta, tukazungumza habari za Bukoba na ndizi za huko, na hakugeuka hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa nautazama. Mpaka leo, kabla sijamwita mteja, naikuza picha na kukagua dirisha moja moja.